Nimesomea utafiti, sasa ripoti ya ofisi yangu naiogopa

(Barua imefupishwa kidogo, na mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi yameondolewa.)

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Likoni, Mombasa, na nimeajiriwa katika ofisi ya umma inayohusika na maji. Jina la ofisi naomba nilihifadhi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa ya nyanjani: kuzunguka mitaani, kukaa na kina mama, kusikiliza malalamiko na kuyafikisha ofisini. Mkubwa wangu ndiye aliyeniita akanieleza kwamba kitengo chetu kinahitaji mtu anayejua mbinu za utafiti, maana siku hizi kila kamati na kila mfadhili anadai takwimu. Akaniandikia barua ya kunipendekeza, ofisi ikakubali kunilipia nusu ya karo, nami nikajisajili kwa kozi ya jioni ng'ambo, mjini. Siku za darasa ananiruhusu nitoke mapema niwahi feri. Nayataja haya ili ujue kwamba mtu huyu amenitendea wema, na wema wake siusahau.

Hivi karibuni ofisi ilifanya utafiti kujua kama wakazi wameridhika na vioski vya maji vilivyojengwa katika mtaa mmoja. Vijana wa kibarua walipewa simu zenye dodoso wakarudi na majibu 384. Idadi hiyo ilichaguliwa kwa sababu, kama alivyosema mkubwa wangu, ndiyo inayokubalika kila mahali. Mimi nilipewa kazi ya kuzungumza na kina mama wachache kwa kina, ana kwa ana, kisha nichanganue yote na kuandika ripoti. Majibu ya simu yanaonyesha kwamba walio wengi sana wameridhika.

Nilipoifungua data ndipo raha ikaniisha. Zile simu hurekodi mahali na saa ya kila mahojiano. Kwenye ramani vitone vimejipanga kando ya lami, kisha vikajazana pale pale kwenye vioski. Ndani ya mtaa, kwenye vichochoro ambako hata tuktuk haingii, hamna kitu. Saa nazo karibu zote ni kati ya saa tatu na saa sita za asubuhi. Wakati huo wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Nyali, wa viwandani na wa bandarini wameshavuka tangu alfajiri. Isitoshe, nyumba nyingi kule ni zile zetu za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kila chumba na mpangaji wake na jiko lake. Kwenye fomu imeandikwa nyumba moja, jibu moja. Na aliyejibu ni yule aliyekutwa barazani, mara nyingi mwenye nyumba, ambaye ana tangi lake na hapangi foleni na mtu.

Kina mama niliozungumza nao mimi walisema mengine. Kadhaa waliniambia kwamba msimamizi wa kioski kimoja hufunga mchana na kudai maji yamekatika, halafu usiku huwauzia wenye mikokoteni kwanza, nao asubuhi huyazungusha mtaani kwa bei ya juu. Waliniambia kwa sababu wananijua. Wengine tumezikiana wazazi. Niliwaahidi kwamba majina yao hayatatoka.

Mkubwa wangu amesoma rasimu. Anataka sentensi ya mwanzo iseme kwamba wakazi wa mtaa huu wameridhika na vioski, kwa sababu ripoti inakwenda kwa kamati ya bunge la kaunti na awamu ya pili ya mradi inaitegemea. Nilipomweleza habari ya vitone akanijibu, "Mama, hiyo ni ya darasani. Hapa tunafanya kazi." Ile habari ya kioski aliichukulia kwa uzito, na hapo hapo akaniomba majina na nambari za simu za waliosema, ili afuatilie. Ripoti itabeba jina langu pamoja na lake.

Mume wangu anasema niitie sahihi, sisi si wa kwanza, na nusu ya karo haijalipwa bado. Mamangu anasema maneno ya watu ni amana. Mwalimu wangu, nilipomuuliza bila kutaja ofisi, alisema data ya namna hiyo hutupwa, utafiti ukaanza upya. Pesa za kuanza upya hakuna. Na mimi nilitarajia kuitumia data hii hii kwa tasnifu yangu.

Nimekuwa mtu wa kulala macho wazi. Nisiposaini nitaonekana nimesomeshwa nikapanda kichwa. Nikisaini, nitapitaje tena mtaani? Nishauri.

Mwanafunzi wa Jioni, Likoni

---

Marahaba mwanangu,

Ulivyoandika naona mambo matatu yamefungwa pamoja mpaka yakaonekana ni moja. Liko la ripoti na sentensi yake ya mwanzo. Liko la majina ya wale kina mama. Na liko la fadhila ya mkubwa wako, ambalo ndilo linalokunyima usingizi kuliko hayo mawili, ingawa umelitaja haraka haraka. Kila moja lina njia zake, na uzito wake si sawa na wa mwenzake.

Nianze na hilo neno la mwalimu wako, kwamba data hutupwa. Sijui kama limekufaa. Wale watu 384 ni watu halisi, walisimama juani wakajibu. Walichokisema ni kweli kuhusu wao: wakazi waliopatikana asubuhi, karibu na lami na karibu na vioski. Sijaona katika barua yako mahali ambapo data inadanganya. Shida iko kwenye maneno "wakazi wa mtaa huu", kwa sababu hayo yanambeba na yule mpangaji wa chumba cha nyuma aliyevuka feri alfajiri na hakuulizwa na mtu. Jiulize basi kama unalolikataa ni utafiti mzima au ni sentensi moja. Kukataa utafiti mzima ni ugomvi na ofisi. Sentensi moja mtu anaweza kuikalia na mkubwa wake wakaizungumza.

Hiyo 384 nayo naomba uitazame tena, kwa sababu nahisi wewe na mkubwa wako mnaizungumza kwa lugha mbili. Ni idadi ya kuaminika kweli. Iko katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linaloonyesha ni watu wangapi wa kuhojiwa, ambalo wanafunzi wengi wa Kenya wamelipitia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, na watu 384 wangetosha kuwasemea wote hao kwa kosa lisilozidi pointi 5 za asilimia huku au huku, mara 95 katika kila 100. Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja: kila mkazi awe na nafasi ya kuchaguliwa, na achaguliwe kwa nasibu, yaani kwa bahati tu kama kura. Sharti likiondoka, idadi inabaki ni idadi tu, hata zingekuwa elfu nne. Kumwuliza mtu aliyeko kwenye foleni ya kioski kama kioski kinamfaa ni kumwacha nje yule aliyekata tamaa ya kupanga foleni. Mkubwa wako hakukosea kuipenda 384. Huenda hakuna aliyewahi kumweleza sharti lake kwa maneno ya kazini.

Na hapa niseme jambo ambalo huenda likakupunguzia upweke. Ulichokiona kwenye ramani ni maradhi ya zamani ya kazi za umma, wala hayakuanzia ofisini kwenu. Robert Chambers, Mwingereza aliyekuwa afisa wa utawala hapa Kenya kabla ya uhuru, alieleza mwaka 1983 jinsi maafisa na wataalamu wanavyowaona watu walio kando ya lami, walio karibu na mradi, walio na vyeo, na wanaume kuliko wanawake, kisha wakarudi wakiamini wameuona umasikini wa mahali. Aliandika hivyo juu ya watu wa taaluma yake, waliokuwa na nia njema. Ukimwendea mkubwa wako kwa mlango huo, kwamba hili huwapata wote wanaofanya kazi yetu, ni tofauti na kumwendea kwa mlango wa "nimefundishwa kwamba umekosea". Umesema alikujibu "hiyo ni ya darasani". Sikuwepo, siwezi kujua alikuwa na sauti gani. Yawezekana ni dharau. Yawezekana pia ni mtu mwenye tarehe ya kamati kichwani, aliyesikia maneno ya usampulishaji, yaani namna ya kuwachagua wa kuhojiwa, akaona mlima.

Tuzitazame njia basi, na gharama zake.

Ukiitia sahihi kama ilivyo, utakuwa na amani ofisini kwa muda. Hatari yake sioni ikitajwa katika barua yako, kwa hiyo naitaja: awamu ya pili ikijengwa kwa kutegemea sentensi ile, vioski vipya navyo vitawekwa kando ya lami, na siku mjumbe wa wadi atakaposimama kwenye kamati akauliza mbona watu wake bado wananunua maji ya mkokoteni, ripoti itatafutwa na jina lako litakuwa juu. Ukikataa kabisa, dhamiri itatulia, lakini ripoti itaandikwa na mwingine, pengine asiyejua hata kuusoma ule mchoro wa vitone, na kina mama wako hawatakuwa na wa kuwasemea ndani ya chumba kile. Mume wako anapohofia karo, nakuomba usimwone kwamba anakuuza. Anahesabu chakula cha watoto, na hiyo nayo ni hesabu ya haki.

Kati ya hizo mbili kuna uwanja mpana kuliko unavyoonekana usiku. Ripoti yoyote ya utafiti huwa na sehemu ya kueleza ilivyofanywa na mipaka yake. Unaweza kuandika ukurasa mmoja, bila lawama, unaosema nani aliulizwa, wapi, saa ngapi, na nani hakufikiwa, na ramani ikawekwa hapo. Sentensi ya mwanzo ikawa: "Wakazi waliohojiwa asubuhi karibu na vioski, wengi wao, walisema wameridhika." Mkubwa wako bado ana habari njema ya kupeleka. Hatari iliyopo ni kwamba watu wa kamati husoma ukurasa wa kwanza tu, na ule wako wa mipaka unaweza kusukumwa nyuma hadi kwenye viambatisho. Sehemu ipi ya hilo unaweza kuivumilia na ipi huwezi, ni wewe wa kuijua kabla hujaingia ofisini kwake.

Umesema pesa za kuanza upya hazipo. Je, mmeulizana kuhusu pesa za kuongezea? Ukichagua kwa nasibu kaya 96 tu, hesabu ile ile inakupa kosa la pointi 10 huku au huku. Si jibu la kunyoosha kama sindano, lakini linatosha kujua kama walioko vichochoroni wanasema sawa na wa lami au wanasema kinyume. Mzee wa mtaa anaweza kuwasaidia kuorodhesha nyumba zote, mkaanza kwa nasibu na kuruka kwa idadi iliyopangwa, nyumba hadi nyumba. Mkifika kwenye nyumba ya Kiswahili, andikeni vyumba vyote, wanaokula chungu kimoja wahesabiwe kaya moja, kisha pigeni kura kwa vikaratasi ni chumba kipi kitajibu. Nendeni baada ya magharibi, na Jumapili. Ila jihadhari: wakazi wa eneo moja hufanana shida zao, kwa hiyo msichukue kaya nyingi kutoka kichochoro kimoja mkadhani mmepata mengi. Na vijana wa kutembea usiku wanahitaji usalama wao kufikiriwa, hasa mabinti.

Sasa majina. Hapa nitakuwa mkali kidogo, si kwako, ila kwa lenyewe jambo. Wewe unaliona kama kuchagua kati ya mkubwa wako na majirani zako. Lakini ahadi uliyoitoa hukuitoa kama jirani peke yake. Uliitoa ukiwa na kazi ya ofisi mkononi, kwa hiyo ni ahadi ya ofisi pia, naye yumo ndani yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi alilotajiwa zilipochukuliwa, si kwa lingine lisiloendana nalo. Kusudi walilotajiwa lilikuwa kutoa maoni juu ya vioski. Kuitwa kuwa mashahidi dhidi ya mtu wanayeonana naye kila siku hawakuambiwa. Kumkumbusha mkubwa wako hayo kunaweza kuwa kumkinga yeye, na naamini unaweza kuyasema kwa adabu hiyo.

Hata hivyo usidhani kwamba kuficha jina kunatosha. Ukiandika katika ripoti "mjane mmoja auzaye viazi karai mkabala na kioski", mtaa mzima utamjua kabla karatasi haijakauka wino. Pitia maneno yao yote kwa jicho la yule msimamizi wa kioski, uone kama angemtambua msemaji. Yale yanayomfichua mtu yaondoe, au muulize mwenyewe kama yuko radhi. Yupo anayeweza kukuambia, "Nitaje, siogopi." Na yupo atakayekushika mkono akusihi uyafute yote. Hawa wote wawili wana haki ya kuulizwa, nami sijaona katika barua yako kama umewarudia.

Je, mkubwa wako anataka majina ili amfichue nani? Labda unaogopa kwamba anataka kuwanyamazisha kina mama. Huenda. Lakini yeye mwenyewe, kwa maelezo yako, ndiye aliyeichukulia habari hiyo kwa uzito. Pengine anatafuta ushahidi, na ushahidi anaoujua ni watu. Kama kioski kina mita, kuna shahidi mwingine asiye na jina wala jirani. Namba za mita zikisomwa jioni kioski kinapofungwa na tena alfajiri, siku kadhaa mfululizo, zitaonyesha kama maji yalitembea usiku. Nazo zisisomwe kwa pupa. Mifereji ya mji wetu inategemea maji yatokayo nje ya kaunti, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mgao tunaujua. Mara nyingi maji huja usiku. Mita ikiwa kabla ya tangi, inaweza kuzunguka usiku kwa sababu tangi linajaa tu, na msimamizi hana kosa. Kwa hiyo kimo cha tangi nacho kipimwe, na daftari la mauzo litazamwe. Huyo msimamizi ana haki ya kutohukumiwa kwa maneno ya foleni. Labda hufunga mchana kwa kuwa maji kweli hayapo. Nawe, mwanangu, kwa kuwa wanaomlalamikia ni watu wako, chunga usiuamini mno upande mmoja. Ujirani wako umekufungulia milango ambayo vijana wa kibarua wasingeifungua, na huohuo unaweza kukuzibia mengine. Uandike wazi katika ripoti kwamba wewe ni mkazi na unawafahamu uliowahoji. Msomaji akijua hivyo ataweza kuyapima maneno yako mwenyewe.

Kuhusu fadhila. Alikupeleka shule ili ofisi ipate mtu anayejua utafiti. Naona kama unadhani kumlipa ni kunyamaza juu ya kile alichokupeleka kukijifunza. Sijui kama ndivyo yeye anavyolipima deni hilo, wala wewe hujui mpaka mkae. Ukipata nafasi ya kukaa naye, faragha, si mbele ya wenzako, na si siku ya kuwasilisha, pengine mwombe kwanza akueleze kamati itauliza nini. Mlete kwenye ramani. Mtu akiviona vitone kwa macho yake huwa mwepesi wa kuelewa kuliko akisikia neno "sampuli". Anaweza pia kukasirika, na karo ikasimama. Hilo lipo, sitalificha. Zungumza na mume wako mapema mtafanya nini likitokea, ili ukiingia ofisini usiwe unaomba huku magoti yanatetemeka.

Na tasnifu. Usichukulie kwamba data ya ofisi ni yako kwa kuwa wewe ndiye uliyeichanganua. Walioulizwa walikubali kwa ajili ya ofisi. Utahitaji idhini ya ofisi kwa maandishi, kibali cha maadili cha chuo, na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume inayozitoa chini ya sheria ya mwaka 2013. Muulize msimamizi wako wa chuo kama data iliyokwisha kukusanywa inakubalika kabla hujaandika sura hata moja. Kama haikubaliki, zile kaya 96 za vichochoroni zinaweza kuwa tasnifu yako mwenyewe, kwa ridhaa mpya na fomu mpya, na ofisi ikafaidika nazo bila kutoa karo ya pili.

Ukishakaa na mkubwa wako, niandikie alivyokujibu, na zaidi kuhusu mita: kama ipo, na imefungwa kabla ya tangi au baada yake.

Wako,
Mshauri